Mmea Ulioitwa Nyambura

Watu wanaosema marehemu hasemwi vibaya hawakuwahi kukaa nyumba moja na Nyambura. Mie nilikaa naye mwaka mzima, Arlington ya Texas, kwenye fleti ya ghorofa ya pili ambayo dirisha lake la jikoni lilitazama maegesho ya magari na mti mmoja mkavu. Shiku, mdogo wake, aliponipigia simu kuniambia dada yake hayupo tena, kwamba ule ugonjwa wa damu umemmaliza hukohuko Houston, nililia. Nalisema hilo mapema lijulikane: nililia mpaka mwanangu akatoka chumbani akaniuliza, "Mom, what happened?" Lakini machozi hayajakauka nikawa nawaza watakavyomjazia nyumba, watakavyomwimbia, na yule Mzee wa Kizungu atakavyokuja na kofia yake mkononi, na wivu ukanipanda palepale juu ya kilio. Kumwonea wivu maiti! Nikajiambia, Zuhura, wewe una kazi. Asubuhi nikatia nguo kwenye begi nikashika barabara ya Houston, na njia nzima sikuwaza kifo. Nilikuwa nawaza mwaka ule wa kitalu.

Tulikutana ghalani, Grand Prairie, tukifunga maboksi. Yeye Mkikuyu wa Kiambu, mrefu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Mie Mdigo wa Tanga, mfupi, nina ulimi. Fleti tukaichukua pamoja kwa kuwa kila mmoja alikuwa amechoka kulala sebuleni kwa watu. Jikoni tulikuwa na jiko moja na mataifa mawili. Yeye anasonga ugali mgumu wa kukata kwa kisu na sukuma aliyoikaanga mara moja tu, mie nimetia nazi kwenye kila kitu isipokuwa chai, na akionja mchuzi wangu anasema, "Zuhura, hii ni supu ama ni lotion?" Halafu anamaliza sufuria. Ukuta kati ya vyumba vyetu ulikuwa mwembamba, na kila Jumapili akitoka kanisani nilimsikia akiongea na Shiku kwenye simu, akicheka, akinitaja: "Huyu Mtanga wangu, wacha tu." Hilo neno "wangu" lilinipendeza na kuniudhi kwa pamoja. Nani kakwambia mie wako?

Yeye ndiye aliyeleta habari za kazi mpya. Kuna mzee wa Kizungu, akasema, ana shamba kusini ya Mansfield, amepata kibali cha kulima hempu. Nikamuuliza hempu ndiyo nini. Akasema, "Ni bangi, lakini si bangi. Haileweshi. Serikali inakuja kupima kabla ya kuvuna, ikipatikana iko na nguvu inachomwa yote." Nikamwambia, Nyambura, mie mama yangu akisikia nimevuka bahari kuja kupanda bangi atanisomea albadiri. Akasema, "Si umwambie ni maua? Ni maua kweli." Basi nikamwambia mama ni maua. Na Mungu amrehemu, alikufa akijua mwanawe alikuwa akilima maua kwa Wazungu, na uongo haukuwamo.

Kitalu chenyewe kilikuwa banda refu la nailoni nene, ndani joto la Tanga kabisa, nje upepo wa Texas unaochuna ngozi. Mzee Wendell, ndilo jina lake, alikuwa mtu wa maneno machache na pua kubwa, na maisha yake yote yalikuwa puani. Alikuwa amezalisha chotara wa hempu. Mama yake mmea ulikuwa mfupi, mnene, majani mapana kama kiganja cha mkulima, unanuka mafuta ya taa. Baba yake mrefu, mwembamba, majani kama vidole vya mpiga kinanda, harufu ya matunda yaliyopitiliza. Mtoto aliyetoka hapo, yarabi! Ukifungua mlango harufu inakupokea kama shangazi asiyeonekana siku nyingi: fenesi lililoiva mpaka likapasuka, kitunguu saumu, petroli, na kwa mbali kitu kama jasho. Maua yake yamejaa vijichembe vya utomvu vinavyong'aa kama sukari, na utomvu ule ukigusa mkono hautoki kwa sabuni. Wenzetu wa hapo walikuwa wanajisugua na spiriti mpaka ngozi inabanduka. Mie nikaja na chupa ya mafuta ya kupikia, nikajipaka kabla ya kuanza, vile tunavyofanya tukitaka kupasua fenesi. Mzee akaniangalia, akacheka, akajipaka na yeye. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba, nikasema, haya, Nyambura, leo nimepata.

Mzee alitupa kila mmoja safu yake. Mbegu zilikuwa zilezile, lakini mbegu za chotara ni kama watoto wa tumbo moja, huyu kamfuata baba, huyu kamfuata shangazi, huyu hajamfuata mtu. Kazi yetu ilikuwa kuwalea wote sawa, kung'oa madume yakijitokeza, maana dume moja likimwaga chavua banda zima linashika mbegu na maua hayauziki. "Mwanaume mmoja tu," Nyambura akawa anasema akilivuta dume na mizizi yake, "na ukumbi mzima umeharibika. Si nilikuambia?" Kisha kuwazimia taa saa zao za giza zikifika, maana bila giza la kutosha hawachanui, na giza hilo haliruhusu hata mwanga wa simu. Mwishowe Mzee atapita, atanusa, atachagua mmoja awe mama, na vipando vya mama huyo vitapelekwa Houston, kwenye kitalu kipya. Na alilisema wazi, tumesimama sote wawili mbele yake: ambaye safu yake itatoa mama ndiye atakayekwenda Houston kusimamia.

Niliitaka Houston, jamani. Niseme nilivyoitaka. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kufunga maboksi, mtu wa "wewe, hebu njoo ushike hapa." Nilitaka kuwa na funguo za mlango. Nilijiona nimesimama mlangoni mwa kitalu changu, watu wananiuliza, leo tufanye nini, nami nafikiri kidogo kabla ya kujibu. Na kila nikiiona ile picha, Nyambura alikuwa anaingia ndani yake, mrefu, anasimama mbele yangu. Mimea yake ilikuwa mirefu kuliko yangu. Mzee akipita kwake anakaa zaidi. Akiongea, anaongea Kiingereza chake cha shule nzuri, Mzee anaitikia kwa kichwa; nikiongea mie, Mzee anainamisha sikio. Jioni tukirudi nyumbani, yeye ndiye anaye-drive na mie nimekaa pembeni, nilikuwa namtazama mikono yake kwenye usukani na kujiuliza, hii mikono ina nini? Nikawa nasahau kwamba ni yeye aliyenileta pale. Wivu hauna adabu. Unakula kwenye sahani ya mtu na kumtukana.

Jambo jingine lilikuwa ile harufu. Haikubaki shambani. Ilitufuata kwenye gari, kwenye nywele, kwenye mito. Jirani yetu akaanza kutuangalia vibaya kwenye ngazi. Kwenye harusi moja ya Watanzania, Arlington hapohapo, nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Kuna mtu humu kavuta." Mwenzake akajibu, "Ni huyu mwenye ushungi wa kijani, wallahi." Nilitamani sakafu inimeze. Nyambura aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa anajipulizia pafyumu ya dukani na kwenda zake kanisani, na hakuna aliyemwambia kitu, maana nani atamwambia kitu Nyambura? Mie nikafanya wanavyofanya wanawake wa kwetu. Nilikuwa na chetezo cha udongo nilichokuja nacho kutoka Tanga nimekifunga ndani ya kanga tatu, mdomo wake umemeguka kidogo. Nguo zangu za kutokea nikawa nazitandaza juu ya kiti, chetezo chini, nafukiza udi mpaka zinakolea, kisha ushungi, kisha nywele zenyewe. Ile fleti ilikuwa na hali mbili, upande wake petroli na fenesi, upande wangu udi. Mie mwenyewe baada ya wiki chache sikuwa nausikia tena. Mtu hasikii harufu ya nyumba yake.

Ikaja Idi. Usiku wake nimefukiza kila kitu, gauni, ushungi, mpaka viatu ningefukiza kama vingekubali. Asubuhi nimesali, tumekodi ukumbi Grand Prairie, biriani limeshuka, watu wanapeana mikono, ndiyo kwanza nimekaa na sahani yangu, simu ikalia. Nyambura. Analia, na Nyambura hakuwa mtu wa kulia. "Zuhura, please, nakuomba. Feni kubwa ime-stick kwa high, imeangusha laini yangu yote. Mzee anakuja kesho kuchagua. Siwezi peke yangu." Nikamwambia, "Nyambura, leo Idi." Akasema, "Najua ni Idi, si nilikununulia zawadi? Kuja tu, nakuomba kwa Mungu wako." Na mimi nikakaa na simu sikioni, na ukweli ni kwamba kitu cha kwanza kilichonipata kilikuwa furaha. Safu yake imelala chini! Kesho Mzee anakuja! Mkononi nina mfupa wa biriani. Halafu nikamsikia anavuta kamasi upande wa pili, kama mtoto, nikaweka mfupa chini. Nikamwomba mama mmoja anifungie biriani langu, nikaondoka.

Nilifika vilevile nilivyo, gauni la Idi, sikuvaa hata koti la kazi, maana mashina mengine yalikuwa yananing'inia kwa ganda tu na hapakuwa na muda. Tulifanya kazi mchana kutwa. Yeye anapigilia vijiti, mie nakumbatia mmea kifuani nauinua, nauegemeza begani, namwambia funga, anafunga. Mmoja baada ya mwingine, nimeukumbatia kama naubembeleza. Mmoja karibu na mlango ulikuwa umevunjika vibaya, huo nilikaa nao muda mrefu kuliko yote, mikono nimeuzungushia, shavu langu kwenye maua, mpaka alipopata kamba ya kutosha. Utomvu umenijaa kwenye mikono ya gauni. Gauni la hariri! Halikutakata tena. Tulipomaliza tukala lile biriani kwa mikono, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, na Nyambura akasema, "Zuhura, hata dada yangu hangenifanyia hivi." Nikafurahi, nikatamani aniombee Houston kwa Mzee. Hakuniombea.

Kesho yake Mzee akaja, kofia kichwani, akaanza na safu yangu. Anasugua bua kwa kidole gumba, ananusa kidole, anakwenda mbele. "Safi," anasema. "Safi. Mzuri." Moyo wangu ukawa unapanda ngazi. Akaingia safu ya Nyambura. Alipofika karibu na mlango, kwa ule niliokaa nao muda mrefu, akasimama. Akanusa, akavua kofia, akanusa tena. Akasema kwa kile Kiingereza chake cha kuvuta, "Huu una kitu. Chini ya petroli kuna mti. Mti mkongwe. Kama kanisa alilokuwa akinipeleka bibi yangu." Akaniita ninuse. Nikanusa. Nikasikia fenesi, nikasikia mafuta ya taa. Nikamwambia, Mzee, mie sisikii kitu kingine. Nyambura naye akainama. Alinusa kwa muda mrefu, kisha akainua kichwa akaniangalia, kuanzia ushungi mpaka viatu, taratibu, kama fundi cherehani anayepima. Mie nikadhani ndiyo macho ya mshindi. Kisha akamgeukia Mzee. "Yes," akasema. "Mimi niliu-notice tangu wiki iliyopita."

Mzee akamuuliza jina lake lina maana gani kwao. Akasema, mvua. Mzee akasema hilo ndilo jina, akachukua kibao cha bati akaliandika hapohapo kwa rangi nyeupe, akakichomeka kwenye udongo: Nyambura. Nilikuwa nimesimama hatua chache na chupa yangu ya mafuta ya kupikia mkononi. Nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu mpaka viganja vikauma, ili mtu asije akasema sikupiga.

Alihama mwezi uleule. Siku anafungasha nilijifanya nina kazi nyingi jikoni; alinikumbatia mlangoni, nikamkumbatia nusu. Jioni nikataka kufukiza, chetezo hakipo. Nilipekua fleti nzima, nikapindua kabati, nikawalaumu waliokuja kubeba vitu vyake. Kitu cha kutoka Tanga, kimepona ndege tatu, kinapotea Arlington! Nilikililia zaidi ya nilivyomlilia yeye. Baadaye nikaacha shamba, nikasomea kazi ya kuhudumia wagonjwa, nikaolewa, nikazaa. Yeye alikuwa akinitumia picha: kitalu cha Houston, yeye na funguo, yeye mbele ya maboksi yaliyochapwa jina lake. Nilikuwa namjibu "mashallah" na kuweka simu kifudifudi.

Sasa niko jikoni kwake Houston. Nyumba imejaa kama nilivyojua itajaa, wanawake wa kanisa wanaimba sebuleni, Shiku na mimi tunapanga vikombe vya chai. Na Mzee yupo kweli, amezeeka, amekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Nikafungua kabati la chini kutafuta sukari. Nikakiona. Kimekaa juu ya gunia la mchele, cheusi kwa masizi, mdomo umemeguka palepale. Nikamuuliza Shiku, "Hiki cha nani?" Sauti yangu mwenyewe niliiogopa.

"Hiyo kitu ya moshi? Ilikuwa yake ya job," Shiku akasema, bila kugeuka. "Kila Monday kabla Mzee afike alikuwa anaingia nayo kwa greenhouse, na kwa ile room ya kukaushia maua. Alisema mimea ya Houston ilikataa kutoa ile harufu. Kwanza alidhani ni maji, akabadilisha udongo, hakuna kitu. Alikuwa anasema, 'Mimi nachoma kila wiki kama mchawi, na Zuhura alikuwa anakumbatia tu mmea na inanuka kanisa.'" Hapo ndipo alipogeuka. "Alikuwa anakuonea wivu sana. Hukujua?"

Loh! Nilikaa juu ya lile gunia la mchele. Ile harufu ilikuwa yangu. Udi wangu, gauni langu la Idi, shavu langu. Mti mkongwe aliousikia Mzee nilikuwa nimeuvaa mie, na mie peke yangu ndiye niliyekuwa siusikii. Nyambura aliujua mara tu alipoinama, ndiyo maana aliniangalia vile. Kisha akaondoka na jina, akaondoka na funguo, na kwa kuwa mie mwenyewe sikufungika kwenye boksi akaondoka na chetezo. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mie kilichonila kilikuwa nguoni hasa. Nikataka kucheka, nikataka kumtukana, nikataka aingie pale mlangoni na miguu yake mirefu nimwambie, mwizi wee, mwizi mkubwa, ungeniomba tu ningekupa.

Kwenye droo mlikuwa na makaa na kikopo cha udi, bado nusu. Nikawasha makaa kwenye jiko la gesi. Shiku akaniuliza nafanya nini, nikamwambia nafukiza nyumba, kwetu msiba haukai na harufu ya dawa. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nakwenda kwa Mzee. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na Kiingereza changu siku hizi kimenyooka: Mzee, nusa. Unaikumbuka? Hii ndiyo. Ni mimi. Nikatia udi, moshi ukapanda, nikakishika chetezo kwa kitambaa nikaingia sebuleni katikati ya wimbo.

Sikufika kwake. Yeye ndiye aliyesimama. Kofia ikaanguka, hakuiokota. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu na pua yake kubwa, akafumba macho juu ya moshi, akanusa. "That's her," akasema. "Oh Lord. That's her." Akalia pale, mzee mzima, mabega yanaruka, na wanawake wakaacha kuimba. Hakunitambua hata kidogo. Aliona mwanamke mwenye ushungi ameshika moshi. Nami maneno yangu yote yapo mdomoni, moja baada ya jingine, tayari. Nilimwonea wivu Nyambura wakati ule kuliko siku ya kibao cha bati, kuliko siku yoyote, maana mimi nikifa sijui ni nani atakayenililia hivyo, na wa kunililia mie alikuwa analia mbele yangu akimlilia yeye.

"Yes, Mzee," nikasema. "That's her."

Nikatia kipande kingine, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kinaisha na yeye alikuwa hajamaliza. Wanawake wakarudia kuimba. Usiku Shiku akanipa picha ya dada yake niende nayo, na skafu moja, nikashukuru. Chetezo sikusubiri kupewa. Nilikifunga ndani ya kanga, nikakiweka kiti cha mbele, nikakifunga na mkanda, tukarudi wote Arlington. Jina libaki kwake, amelifanyia kazi. Hicho ni changu.